Ile Kliniki ni Yangu

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa, gesi nimefunga. Umekwenda kazini bila kuniaga, basi nami narudi kwangu.

Alfajiri nilisikia kifuniko cha birika kikigongagonga, halafu sauti yako ukimhoji binti yako: "Simu yako inaonyesha kila Alhamisi uko kliniki. Una mimba?" Mjukuu wangu hakunitaja. Na mimi huku chumbani nikajifunika shuka, kwa aibu.

Ile kliniki ni yangu. Ni ya macho. Jicho la kushoto limeacha kuona, na yeye ndiye anayenishika mkono tukivuka barabara. Nilimwapisha asikuambie, maana ungenihamishia hapa kwa nguvu. Ulimfokea, akanitunzia siri. Tena kabla ya kwenda shule alinifungia vifungo vya sweta.

Najua ni hofu. Hata mimi niliwahi kufungua barua zako, ukaninunia wiki nzima. Umesahau?

~~Kitoe hicho kitu cha kumfuatilia kwenye simu yake leo hii.~~ Muombe radhi kwanza, halafu mzungumze kuhusu hicho kitu.

Alhamisi mruhusu aje tena. Nawe uje, mama, ila upige hodi.

Bibi yake