Alikuwa

Dada yangu,

Huku wazima, na jogoo wa jirani bado hajui saa. Ile filamu ya mapenzi iliyotushtua, mume alipomuua mkewe, nimeirudia peke yangu. Kumbe ilitutonya tangu mwanzo! Maandishi ya Kiingereza chini ya picha yalisema mkewe "ni" mcheshi. Sauti ya mume ilisema "alikuwa", na mke yu hai, anachana nywele.

Jana shemeji alikuja kuchukua viatu vyako. Bibi akamtania, "Mume wangu, mke mwenzangu umemficha wapi?"

"Huyo? Alikuwa anapenda kulala, Bibi!"

Wote wakacheka. Mimi nikaenda kutafuta karatasi na kalamu.

Barua hii naituma kazini kwako, isipitie kwake. Usinijibu kwa ujumbe. Ujumbe mtu yeyote anaandika. Nipigie, nikusikie.

Mdogo wako,
Bubu wa nyumbani, kama mnavyoniita