Gaspard Amerudi Kumenya Viazi

Saint-Flour,
9 Novemba 1986

Mpendwa dada Ghislaine,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi yetu hadi huko kwenu Noumea. U hali gani? Mguu umepona? Sisi wazima, ila kifua kinambana Mama kama kawaida ya majira haya.

Nakuandikia kwa sababu ya kaka yetu Gaspard. Amerudi nyumbani, na anamenya viazi. Ndiyo, Gaspard yule yule! Tangu aende Paris kuwaandikia wengine filamu zao, hadi akaanza kuongoza zake mwenyewe, alikuwa akija Krismasi tu. Sasa huu mwezi wa pili yuko hapa. Wema huu siuamini hata kidogo.

Unamjua. Filamu yake ya kwanza ilikuwa ndoa ya mjomba Firmin iliyovunjika, mji mzima ukaenda kucheka. Ya tatu nilikuwa mimi na yule mchumba aliyenikimbia. Hata koti langu jekundu alilitia. Ya mwisho haikupata watazamaji, na tangu hapo hakuna anayempa kazi.

Sasa amemgeukia Mama. Kila jioni anamuuliza Baba alituachaje, jambo ambalo Mama hajawahi kutuambia! Juzi nilimkuta amekunja vidole mbele ya jicho kama kamera, analipima jiko.

"Mama, hapo pa mlango, hebu rudia. Polepole kidogo."

Damu ilinichemka. Na Mama naye! Jumatatu alisema Baba aliondoka kwenye theluji. Alhamisi akasema ilikuwa kiangazi, na kuna mwanamke alikuwa akimngoja barabarani. Nikaogopa akili zinamtoka. Jana Gaspard alipoenda kununua mkate, nikambana.

"Mama, huyo anakuchimba akuanike kwenye filamu kama alivyonianika mimi."

"Kwani mimi mtoto, Odile? Najua."

"Sasa mbona unamwambia?"

"Namwambia nini? Baba yenu alikunywa supu, akavaa kofia, akaenda zake. Basi. Nikimwambia hivyo leo, kesho yuko kwenye treni ya Paris."

Akaendelea kukata kabichi. Mimi nilitoka nje nikalia.

Kwa hiyo dada, wewe uliyelelewa humu ndani, lazima atakupigia simu. Usimkatie, wala usimalize maneno. Mwambie kuna jambo unalikumbuka kwa mbali, akuulize tena baada ya Krismasi. Mimi asubuhi nimeshamwambia kwamba Baba aliondoka na sanduku la kijani.

Msalimie shemeji Anselme na watoto. Mama, mamako mdogo aliyekulea, anakubusu. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye daima,
Odile

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, Gaspard akaingia kuuliza sanduku lilikuwa na nini ndani. Nimemwambia anipe muda nikumbuke.