Hakuna Bibi Harusi, Dada: Ni Vitambaa Tu

Likuyani,
Jumatatu

Kwako dada yangu mpendwa Dorika,

Amani iwe nyumbani mwako Malinya. Kabla sijajieleza, niruhusu nikuulize habari za goti lako, na kama mvua imekuachia njia ya kufika kanisani. Mimi huku ni mzima kwa rehema za Mungu. Mahindi yamefika magotini, na mwili wangu hauna lalamiko kubwa kuliko umri wenyewe. Uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kukupigia simu. Masikio yako na simu yangu havipatani, na jambo hili nisingependa kulisema kwa kupaza sauti.

Mpwa wangu alinifikishia swali lako: bibi harusi ni wa ukoo gani, na umtengee kuku yupi. Nisamehe, dada. Hakuna bibi harusi. Uvumi huo nimeusababisha kwa mikono yangu mwenyewe, nikiwa na nia njema.

Wajua kwamba tangu tulipomzika mke wangu, Mama Trufena, sikugusa kitu humu ndani. Viti vilibaki vimepangwa ukutani kama siku ya matanga, mapazia mazito yakabaki yamefungwa, kalenda ikabaki kwenye mwezi ule ule. Mimi nilizoea. Binti yangu Trufena hakuzoea. Kila alipokuja kutoka Eldoret aliketi barazani, akanikabidhi sukari na majani ya chai, akaondoka. Kizingiti hakukivuka. Watoto wake waliniamkia wakiwa wamesimama uani kama wapita njia. Mara ya mwisho aliniambia kwa upole, "Baba, nikiangalia hapo ndani bado naona jeneza." Maneno hayo yalinitia hofu. Niliona kwamba iko siku atachoka hata na baraza, nami nitabaki na nyumba isiyoingiwa na mtoto.

Uwezo wa kujenga upya sina. Nikaazimia kufanya yale madogo ambayo marehemu aliyafanya kila mwaka bila kuniomba kitu. Nilichota udongo mweupe kule mtoni, nikasiriba kuta za sebule. Chini nikazungusha utepe wa udongo mwekundu, nao, nakiri, umepinda kama mkia wa fahali aliyekasirika. Niliteremsha mapazia yale, nikaikata leso ya marehemu ya manjano vipande viwili na kuitundika dirishani, na mwanga ukaingia. Katika mikebe ya mafuta ya kupikia nikapanda maua. Viti nikavitoa ukutani vitazamane.

Kosa langu ni kwamba niliyafanya hayo mwezi wa Mei. Kwetu nyumba husiribwa Desemba. Mgane akionekana na udongo mikononi katikati ya mwaka, kila mtu anajua anamtayarishia nani. Jirani yangu Jentriks alisimama uani na ndoo yake ya maji kichwani.

"Mzee Zakayo! Kwako Krismasi hukujanga Mei?"

"Ni usafi tu, mama."

"Usafi! Mwanaume hapakangi nyumba bure. Sema tu tuanze kushona sare."

Nikacheka kwa adabu, nikidhani mzaha umeishia hapo. Kumbe habari ilifika sokoni kabla ya udongo kukauka, na kutoka sokoni ikapanda gari kwenda Eldoret.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nikimwagilia maua yangu, nikamwona Trufena langoni. Hakuwa amenipa taarifa. Alilipita baraza, akakipita kiti chake cha siku zote, akaingia ndani na viatu vyake.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Huyo mwanamke, Baba! Watu wananipigia simu mpaka kazini."

"Niwie radhi. Mwanamke aliyemo humu ni mmoja tu, na ndiye anayenigombeza."

Hakuniamini. Alichungulia chumbani, akachungulia jikoni, akarudi sebuleni. Hapo macho yake yakatua kwenye vitambaa vya viti, vile mama yake alivyovifuma kwa mkono. Nilikuwa nimevifua na kuvitia wanga wa muhogo, kama tulivyofundishwa misheni kuvitia vitambaa vya madhabahu. Sikukumbuka kwamba madhabahuni hakuna anayeegemeza shingo. Trufena aliinua kimoja, kikasimama wima mkononi mwake kama sahani.

"Baba, hivi umevifua ama umevipika?"

"Pengine wanga ulizidi kidogo."

"Kidogo! Mgeni akiegemea hapa si atachinjwa?"

Akacheka, dada. Alicheka kicheko cha mama yake, kile cha kujishika ubavu. Kisha akatazama ukuta, akaitazama leso dirishani, akatambua mahali aliposimama. Akavua viatu, akaketi kwenye kiti cha mama yake, na chai niliyomletea ikapoa mbele yake.

Siku hiyo hakurudi Eldoret. Vitambaa alivisuuza upya, sasa vimelegea kiungwana. Nilipotaka kuunyoosha ule utepe alinikataza: "Uache hivyo, ijulikane ni wewe." Jana alipoondoka niliziona ndara zake nyuma ya mlango, nikamfuata langoni kadiri miguu ilivyoniruhusu.

"Mama, umesahau hizi."

"Sijasahau, Baba. Zirudishe hapo."

Nimezirudisha. Huwezi kujua, dada, mzigo ulionitoka kifuani.

Nisalimie shemeji yangu, mzee wa nyumba yako. Umsalimie na mpwa wangu, mtunzaji wa fahali, ambaye namwomba radhi kwa kumtania mnyama wake hapo juu. Nao akina mama wa kanisa waliokwisha kuanza mazoezi ya nyimbo za harusi, waombe msamaha kwa niaba yangu.

Kuhusu yule kuku uliyemtenga, tafadhali usimrudishe kwa wenzake. Njoo naye Agosti, shule zikifungwa. Trufena anakuja na watoto, na amesema watakula mezani, ndani.

Ni mimi, mdogo wako akuheshimuye,
Zakayo