Kuku Mwenye Miwani

Dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, ambaye bado anapumua bila kulazimishwa. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kile kiti chako cha kamba, goti limetulia, na meno yako ya bandia yapo mdomoni wala si kwenye glasi. Goti lenyewe linasemaje siku hizi? Na masikio je? Nauliza masikio kwa sababu kila tukiongea kwa simu unaweka spika, mtaa wako mzima unasikia, na haya ninayokuandikia leo si ya mtaa mzima. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, nachonga funguo. 

Kwanza nikupe habari njema. Yule tapeli aliyeiba akaunti ya wifi yako, marehemu mke wangu, kwenye mchezo wa dhumna wa simu, nimemkamata. Nimemshika ukosi wa shati kwa mkono wangu huu huu, akalia, akaniita baba, akarudisha kila kitu na kuapa kwamba hatagusa tena simu maisha yake yote.

Usianze kupiga vigelegele. Ni uongo. Nilitaka tu kuona inavyopendeza kwenye karatasi. Huyo tapeli sijawahi kumtia machoni. Sijui ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana, mnene au mkavu kama mimi. Ninachojua ni kwamba anaandika vizuri kuliko mimi, anaweka nukta na mkato mahali pake, na hilo limeniuma kidogo, maana mimi shule niliikimbia mapema na hata kabla sijaikimbia ni wewe uliyekuwa unanifanyia hesabu.

Sasa tuje kwenye lile swali lako. Uliponipigia mara ya mwisho uliniuliza huyo mtu aliingiaje, na hali simu ya marehemu ilikuwa kwenye droo ya karakana yangu, na ufunguo wa droo ninao mimi, fundi wa kufuli. Nikakuambia ngoja, kuna mteja mlangoni. Hakukuwa na mteja, dada. Kulikuwa na paka. Basi ngoja nianzie mbali, maana nikianzia karibu nitatoka mbio.

Unakumbuka jinsi tulivyokuwa tunakaa mezani, mimi na wifi yako huku, wewe huko kwako, na mtu wa nne yeyote ambaye mchezo umetuletea kutoka popote duniani. Ninyi wawili upande mmoja, mimi na mgeni upande wa pili. Kila mtu na picha yake. Wewe ua, mimi kufuli, yeye yule kuku mweupe aliyevaa miwani. Mtu akiwepo mchezoni picha yake inang'aa, akitoka inageuka rangi ya majivu. Mke wangu alikuwa mchezaji mbaya ajabu. Akipata lile jiwe la sita-sita analing'ang'ania mpaka mwisho kama vile atazikwa nalo, kisha akifungwa anasema ni mimi niliyemharibia kwa kukohoa.

Na mdomo! Ule uwanja wa kuandikiana meseji chini ya meza mliufanya sebule yenu. Siku moja ukamchokoza kuhusu utoto wake, naye akajibu kwamba walimwita Kijiko kwa sababu ya kulamba vijiko vya watu. Ukacheka. Mgeni wa nne naye akaandika ha ha ha. Alijiita Simba Mpole, kama unamkumbuka. Yule Simba akaja tena na tena, akawa kama wa nyumbani. Akamwuliza wifi yako mwalimu wake wa kwanza alikuwa nani, naye akamwambia ni yule waliyemwita Filimbi kwa sababu ya pengo lake. Akamwuliza alifuga mnyama gani utotoni, akapewa habari za paka mwenye jicho moja, na maisha yake yote, mpaka alivyokufa. Tukasema huyu mgeni ana adabu, anajua kuwasikiliza wazee. Mimi mwenyewe nilimsifu.

Hatukujua kwamba mtu akidai amesahau neno lake la siri, mchezo humwuliza maswali aliyoyachagua mwenyewe siku ya kujiandikisha, kisha humtumia namba kwenye simu yake. Na wifi yako alikuwa amechagua jina la utani, mwalimu wa kwanza na mnyama wa kwanza. Kwa hiyo tulikaa pale, wazee watatu, tukampa mwizi funguo zetu moja moja huku tunacheka. Mimi nimefunga milango ya watu maisha yangu yote, dada. Sijawahi kuona mwenye nyumba anayempa mwizi funguo na kumwongezea hadithi.

Tukamzika wifi yako. Ulikuja, uliona mwenyewe. Uliniuliza kwa nini silii, na mimi nikakutania kwamba machozi yana foleni. Ukweli ni kwamba nilikuwa, na bado nipo, kama taya ukishapigwa sindano na daktari wa meno. Unajigusa, unajua hapa ni shavu langu, lakini mwenye shavu hayupo. Watu wakinipa pole naitikia vizuri. Kufuli zinafunguka. Chai naimaliza, kisha natazama kikombe nione kama niliweka sukari.

Simu yake niliiweka kwenye droo ile ya funguo mbovu, lakini nikawa naichaji. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nikifungua mchezo kwenye simu yangu, natazama orodha ya marafiki, naona ua lako linang'aa na chini yake kuku wa majivu. Nafunga. Narudi kazini.

Siku moja mchana simu yake ikalia ndani ya droo. Kuna ujumbe unasema, ndugu mchezaji mpendwa, akaunti yako ni miongoni mwa akaunti kongwe zilizochaguliwa kupewa taji la dhahabu bila malipo, na kwa usalama wako utapokea namba, tafadhali tutumie namba hiyo haraka kabla muda haujaisha. Akaunti kongwe kama ile, nimekuja kuambiwa, huuzwa kwa watu wasio na subira ya kuanza chini. Na kabla haijauzwa, tapeli huitumia kuwaandikia marafiki wa mwenye akaunti, ili nao wanyolewe.

Yaliyofuata nusu unayajua. Kuku akawaka. Ukamwona, na moyo ukakupasuka, ukaandika, wifi, ni wewe? Naye akakujibu, habari yako ndugu, naomba unisaidie kitu kidogo, kuna namba itakuja kwenye simu yako. Ukaniambia ulijua papo hapo si yeye, kwa sababu katika maisha yake yote hajawahi kukusalimia kwa heshima. Angekuwa yeye angeanza na we kizee. Ulipona kwa sababu wifi yako hakuwa na adabu. Mungu amlaze pema na mdomo wake.

Lakini fundi cherehani hakupona. Yule mama aliyekuwa akishona na wifi yako kibaraza kimoja. Alipelekewa ombi hilo hilo la namba akaitoa, na akaunti yake ikaenda, na maneno yake yote aliyowahi kuandikiana na marehemu yakaenda humo humo. Alikuja karakana, akasimama karibu na mashine ya kuchonga, akaniambia kwamba alijua kabisa amekufa, yeye ndiye aliyemshonea sanda, lakini kuku alipomwandikia aliona vibaya kumnyima.  Nikachukua ufunguo wa duka lake nikamchongea wa akiba, ambao hakuuhitaji. Akashukuru, akaenda.

Ndipo binti yangu akaja, huyu wa mapokezi ya hospitali, na sauti yake ya mapokezi. Alininyang'anya simu akanisomesha kama mgonjwa aliyekataa dawa. Kampuni ya mchezo, alisema, haiombi namba ile hata siku moja, anayeiomba ni mwizi hata akija na picha ya mama yako mzazi. Taji la bure ni chambo. Neno la siri liwe refu, na la mchezo lisifanane na la kitu kingine chochote, kwani mimi mwenyewe siwezi kuweka ufunguo mmoja kwa mlango wa nyumba na wa choo. Kisha akaniwekea ufunguo wa pili, yaani hata mtu akilijua neno la siri, mlango haufunguki mpaka nikubali kwenye simu yangu. Hilo nililielewa haraka kuliko alivyotaka. Nikamwambia hiyo ni kitasa na komeo, wameiba wazo letu.

Lililonifurahisha ni hili, na wewe ulifanye leo leo. Anasema yale maswali hayalazimishi ukweli. Unaweza kujibu uongo, mradi ukumbuke uongo wako. Basi mimi kwa mara ya kwanza nimeambiwa na mwanangu nidanganye. Nimeandika kwamba mwalimu wangu wa kwanza alikuwa kabeji. Ah, tazama, nimeshakuambia. Itabidi nibadilishe. Hii familia yetu haifai.

Akawaandikia kampuni kuhusu akaunti ya mama yake. Wakajibu kwamba kwa kuwa mwenyewe amefariki hawawezi kumrudishia mtu mwingine, lakini wanaweza kuifunga moja kwa moja, tapeli asiweze kuingia, wala mtu mwingine yeyote, milele. Inatakiwa tu mmoja wa watu wake wa karibu athibitishe. Ndiyo ile meseji yenye kitufe chekundu tuliyoletewa sote wawili, mimi na wewe. Mpaka mmoja wetu abonyeze, mwizi bado yumo ndani, na orodha ya marafiki wa wifi yako ilikuwa ndefu kama ulimi wake. Binti yangu anadhani mimi ni mzembe tu. Anasema, baba, ni kubonyeza tu.

Hajui jambo moja, na ndilo uliloniuliza wewe.

Hakuna aliyevunja droo. Ile namba nilimpa mimi.

Usiseme nilidanganywa. Ningefurahi ungeweza kusema hivyo. Nilimjua tangu neno la kwanza. Nilimwandikia kwamba mwenye simu amekufa na kwamba yeye ni mwizi. Akauliza, kwa hiyo? Mteja alikuwa amekaa pale kwenye benchi akingoja nimfungulie sanduku lake. Namba imeshaingia, iko pale juu ya kioo. Nikamwuliza yule mwizi, nikikupa, picha itawaka? Akasema itawaka, baba, kila siku. Nikampa.

Nikatoa simu yangu mwenyewe nikatazama. Kuku akatoka kwenye majivu akawa mweupe, na miwani yake. Nilikuwa nimejiandaa, dada. Nilishika ukingo wa meza. Nikangoja kitu kije, kilio, au hasira, au hata jasho. Hakikuja kitu. Mteja akaniuliza kama sanduku litachukua muda.

Tukacheza, mimi na yeye. Siku ile na siku nyingine baadaye, kabla hajaanza kuwasumbua ninyi, na nakiri hata baada ya kuanza. Anacheza vizuri sana. Sita-sita anaitoa mapema, kama inavyotakiwa. Na siku moja, nadhani ni kwa kunionea huruma, au kwa kutaka nisimseme kwa mtu, aliniacha nishinde. Niliona kabisa ana jiwe la kunifunga, akapita. Wifi yako hajawahi kuniacha nishinde hata nikiwa na homa. Nikaweka simu chini. Hapo ndipo nilipojua kwamba amekufa, dada. Sikulia hata hapo. Nilijua tu, kama unavyojua mvua imeacha.

Fundi cherehani sijamwambia. Nitamwambia, nikishajua nianze na neno gani. Binti yangu naye atajua, na sauti ya mapokezi nitaisikia mpaka nife. Wewe nimeanza na wewe kwa sababu uko mbali na goti halikuruhusu kuja kunipiga.

Wasalimie majirani zako wote wanaosikiliza simu zetu, waambie safari hii wamekosa. Mwambie mjukuu wako mkubwa asikubali taji la bure. Jikande goti kwa maji ya moto, na punguza chumvi, najua unajificha nayo.

Sasa, nina haki yangu kwako. Ile siku ulipovunja kitasa cha kabati la mama kwa ajili ya sukari, nani alisema ni yeye? Nani alichapwa, na bado akakirekebisha kile kitasa kwa msumari mpaka akapata kazi ya maisha? Uliniahidi, huku una sukari kwenye kidevu, kwamba siku moja nitakuomba kitu na hutakataa. Sijawahi kuomba. Naomba leo. Kile kitufe chekundu, mimi kila nikikifikia kidole kinageuka mbao. Kibonyeze wewe. Usinipigie kuniambia umebonyeza. Na tafadhali fanya asubuhi, wakati niko kazini na mashine ya kuchonga inapiga kelele.

Ni mimi mdogo wako,
Kufuli