Mkono Uliotangulia Moyo

Mwaka umetimia, Baba Watoto, tangu asubuhi ile ulipoomba maji ya uvuguvugu ukayaacha kikombeni. Mkeo anakuandikia kwa niaba ya nyumba nzima, maana ndiye aliyelala ubavuni pako miaka arobaini na mmoja, na hadi leo anajibanza ukutani kukuachia nafasi.

Viatu mlangoni vimekaa shaghalabaghala. Hakuna wa kuvipanga visigino vikitazama ukuta. Penseli yako fupi, ile ya nyuma ya sikio, wajukuu wameifanyia hesabu mpaka imebaki kama jino.

Wasiokujua wajue: ulikuwa fundi wa kupasua mbao, mpaka siku mdogo wako alipowasha msumeno mkono wako ukiwa bado kwenye meno yake. Vidole vitatu vikaenda na vumbi la mbao. Hilo ulilimeza, ajali haina kinga. Lililokukwama kooni ni yeye kumwambia msimamizi kwamba ulikuwa umelewa, wewe ambaye hata dawa ya kikohozi uliinusa kwanza kama ina pombe. Ukafukuzwa. Ukaenda kubeba saruji boharini, na vumbi la saruji ndilo lililokula kifua chako.

Miaka sita ulisali nusu. Kanisani, kwenye Sala ya Bwana, tukifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, ulinyamaza. Mwalimu wa kwaya akakutania, "Mzee, besi yako inakatika kama redio ya betri mbovu!" Mkeo akakufinya: "Baba Watoto, sema bwana, watu wanasikia."

"Na Mungu je, hasikii? Nimdanganye mbele ya mashahidi wote hawa?"

Kisha mdogo wako akapooza upande mmoja. Mkewe alikuwa ameshaondoka zamani. Jumamosi moja ukachukua kikopo chako cha sabuni, brashi na wembe. Mkeo akakuzibia mlango. "Umemsamehe?"

"Sijasamehe. Nakwenda kumnyoa ndevu tu."

"Kwa vidole viwili?"

"Moyo umegoma, Mama Watoto. Nimempa Mungu mkono kwanza, huu huu uliobaki. Moyo utakuja nyuma."

Ulirudi ukasimulia jinsi alivyofumba macho wembe ulipogusa shingo, akasema, "Kaka, nilisema uongo." Nawe ukamjibu, "Tulia, nitakukata." Basi. Ukamnyoa kila Jumamosi, miezi saba. Halafu Jumapili moja, bila kutangaza, besi yako ikapita pale mahali moja kwa moja mpaka Amina. Mkeo alilia, akasingizia mafua.

Lakini ulipozikwa wewe, mdogo wako akabaki, mkeo hakuweza kumsamehe. Hatukufichi. Mwaka huu mzima anayenyamaza pale kwenye sala ni mkeo. Akifika hapo anakiona kifua chako kikipanda na kushuka, na maneno yanamkaukia. Amechoka, Baba Watoto. Kinyongo ni mzigo usio na mahali pa kuutua. Unalala nao, unaamka nao, unapika nao. Amepiga magoti mpaka yameota sugu. Na shemeji yake huletwa kanisani na jirani, hukaa benchi la nyuma, ndevu zimefika kifuani. Hakuna aliyezigusa tangu mkono wako ulipotulia.

Wanaokukumbuka ni mkeo, wanao watatu, wakwe zako, wajukuu saba pamoja na yule kitinda mimba aliyechukua masikio yako, dada yako mshonaji, na mdogo wako. Ndiyo, na yeye tumemwandika.

Kukusahau hatujui, wala hatutajifunza. Ila leo tunakatiza hapa, maana ni Jumamosi na maji yameshapata moto. Mkeo amekitoa kikopo chako kabatini. Brashi ilikuwa imekauka, ameiloweka. Hajasamehe. Anakwenda kumnyoa ndevu tu.