Zamu ya Thelathini na Nne

Nipawin, Saskatchewan
12 Januari

Mjukuu wangu Renata,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri theluji vizuri kuliko redio. Wewe hali yako? Kazi ya klabu haijakuchosha? Mama yako ananiambia unakula mkate na jibini mchana, na jioni unarudia hivyo hivyo. Jipikie supu ya kabichi, mama. Hata kazi ya kukaa inataka tumbo lenye kitu.

Sasa nina neno. Kuna beki katika timu ya hapa ya vijana wa hoki ya barafuni, Tanner Morin, mtoto wa Odile wa duka la mikate. Ni mfupi. Mwaka jana alivunjika mtulinga akakosa nusu ya msimu, na wasaka vipaji wenzangu wakamfuta. Mimi nimemtazama misimu mitatu. Kabla kile kisahani cheusi hakijamfikia, anageuza kichwa kushoto, anageuza kulia, na kikimgusa gongo tayari anajua kinakwenda kwa nani. Huwezi kumfundisha mtu jambo hilo. Mara ya mwisho kuliona nilikuwa kijana kule nyumbani Poprad, ng’ambo ya bahari, kabla vifaru vya wavamizi havijaingia, na aliyekuwa nalo sikujua aliishia wapi.

Klabu yetu imeshaniambia kuwa mkataba wangu unaisha Juni. Wanasema macho yangu na barabara za giza havipatani tena, na siwezi kubisha. Lakini nataka niondoke nikiwa nimewaachia huyu. Mwezi Juni vilabu vyote vikikaa kuchagua vijana, zamu yetu ya kwanza ikifika, mchukueni Morin. Mwambie meneja wako, Doucette. Mimi hanisikilizi. Wewe anakusikiliza kwa kuwa unasema kwa hesabu.

Ni mimi babu yako,
Vendel


Halifax
26 Januari

Shikamoo babu,

Nimefurahi kusikia ni goti tu. Mimi sijambo, na supu nimepika, ingawa imetoka chungu na jirani kauliza kama kuna kitu kimeoza.

Kuhusu Morin nakuamini, na nitamsemea. Ila sitamchukua kwa zamu yetu ya kwanza. Usikunje uso, soma kwanza. Tukimaliza ligi hapa tulipo, zamu yetu itakuwa ya kumi na tisa au karibu na hapo, maana anayeshika mkia ndiye huchagua kwanza. Nimeuliza huku na huku bila kutaja jina, na hakuna klabu inayomtaka Morin kabla ya zamu ya arobaini. Sasa kwa nini tumnunue kwa bei ya sokoni asubuhi, na jioni atakuwa bado yupo? Tushuke. Klabu nyingine ituchukulie zamu yetu ya kumi na tisa, itupe ya thelathini na nne na ya arobaini na nane. Kwa ya kwanza tunamchukua Morin wako, kwa ya pili tunachukua mwingine. Nimepitia chaguzi za miaka thelathini nyuma: wengi wanaochaguliwa karibu na zamu ya ishirini hawafiki popote. Wawili ni bora kuliko mmoja, hata uwe na jicho kama lako.

Shida ni moja, nayo ni wewe. Babu, wasaka vipaji wanakutazama wewe kuliko wanavyotazama barafu. Ukikaa hadi mwisho kwa ajili ya mtu, keshokutwa vilabu sita vinajua. Nakuomba usiende kumtazama Morin tena hadi Juni.

Najua ninachokuomba.

Mjukuu wako,
Renata


Nipawin
20 Februari

Mjukuu wangu,

Nimepata barua yako nikiwa salama. Mama yako alipita na maandazi ya viazi, tukala, tukakusema.

Nilikaa nyumbani kama ulivyoagiza, na mambo yakawa mabaya zaidi. Gord Haines, msaka vipaji wa klabu ya Saskatoon, alikuja hadi mlangoni.

“Vendel, unaumwa?”

“Mafua.”

“Mafua gani haya, na bia unakunywa? Wewe kuna kitu unanificha.”

Basi nikaona bora nionekane, ila nionekane nikimtazama mwingine. Katika timu hiyo hiyo kuna winga anaitwa Kolby Sawatzky, mrefu kama mlingoti, anayekimbia kwenye barafu kama mtu anayetafuta funguo zake. Jumamosi nilikaa upande wake. Mapumziko yalipofika nikamwita kocha mbele za watu.

“Kocha, huyu Sawatzky wako anakula nini?”

“Chochote kisichoweza kukimbia, mzee.”

Watu wakacheka. Gord alikuwa nyuma yangu na kahawa yake. “Siku hizi unanunua kwa kilo?”

“Kwa kilo, ndiyo. Nyinyi mnanunua kwa picha.”

Morin alicheza vizuri jioni ile. Najua kwa kelele za watu tu, maana shingo yangu niliilazimisha kuangalia upande wa pili.

Lakini nikuambie ukweli, Renata, mpango huu siupendi. Mwaka wa sitini na nane, nikikimbia vifaru vile, nilifunga sanduku moja, na vilivyobaki nikasema nitavirudia. Sikuvirudia. Tangu hapo, kitu nikiwa nacho mkononi sipendi kukiweka chini, hata mtu akiniahidi kuwa nitakikuta pale pale. Hesabu zako zinajua mambo mengi. Hazijui jinsi chumba kinavyonyamaza klabu nyingine ikiliita jina ulilokuwa unalingojea wewe.

Babu yako,
Vendel


Halifax
19 Aprili

Shikamoo babu,

Natumaini theluji imeanza kukuachia njia. Mimi nina kikohozi kidogo, si cha kumwambia mama.

Zamu yetu ni ya kumi na tisa kweli. Doucette amekubali tushuke. Alisema hivi: “Binti, ukinipotezea huyo beki, babu yako utamweleza mwenyewe. Mimi simo.” Halafu akaniuliza Sawatzky ni nani, kwa sababu vilabu viwili vimeanza kumwulizia. Nilicheka hadi kikohozi kikarudi. Uigizaji wako umefika mbali.

Lakini sijalala vizuri tangu barua yako. Mimi napenda hesabu, wewe ndiye unayempenda Morin, na huu ndio uchaguzi wako wa mwisho. Kwa hiyo naweka mkononi mwako. Ukiniandikia kwamba tusishuke, nitakwenda kwa Doucette nikamwambie nimekosea, tutamchukua Morin kwa ya kumi na tisa, na watu wacheke wakitaka. Sitakuuliza mara ya pili.

Mjukuu wako,
Renata


Nipawin
3 Mei

Renata,

Pole na kikohozi. Asali na kitunguu.

Shuka.

Nimejaribu kupata kosa katika hesabu zako siku kadhaa, sikulipata. Nilichopata ni woga wangu, na woga si sababu ya kumfundisha mjukuu kazi vibaya.

Jambo moja dogo. Huyo Sawatzky niliyemtazama kwa uongo. Nilidhani ni mzito. Nikaongea na nyanya yake, kumbe kijana ameongezeka urefu wa kiganja kizima ndani ya mwaka mmoja. Miguu imekua, na yeye bado anaiendesha kama ile ya zamani. Hatua tatu za kwanza ni vichekesho. Ya nne na kuendelea hakuna wa kumshika. Tena katika mechi ya mwisho, wakiwa nyuma kwa mabao manne, ndiye pekee aliyekuwa bado anarudi kusaidia mabeki. Sisemi kitu. Nasema nimeona.

Babu


Halifax
30 Juni

Shikamoo babu,

Najua mmetazama kwenye televisheni, kwa hiyo unajua. Hata hivyo lazima nikuandikie, maana ulistahili kuyasikia kutoka kwangu.

Tulishuka kama tulivyopanga. Ikafika zamu ya thelathini na tatu, moja tu kabla yetu. Jezi ya Morin ilikuwa mapajani mwangu, jina limeshashonwa. Saskatoon wakapanda jukwaani wakamwita yeye. Chumba kilinyamaza kama ulivyosema, au labda ni masikio yangu tu.

Dakika za zamu yetu zilikuwa zimeshaanza kuhesabiwa. Kwa ya thelathini na nne tukachukua kipa wa Kifini aliyekuwa juu kwenye orodha. Ilipofika ya arobaini na nane Doucette akanitazama. Nikasema Sawatzky. Akauliza, “Kwa hesabu?” Nikasema hapana, kwa barua.

Baadaye Gord alinikuta kwenye ngazi. Nilimwuliza alijuaje. Akasema, “Namjua Vendel miaka thelathini. Hajawahi kumwuliza kocha swali mbele za watu. Nikajua huyo mrefu ni pazia, nikaanza kumtafuta aliye nyuma yake. Hakuwa mbali.”

Si kosa lako, babu. Mimi ndiye niliyekutuma uigize. Nisamehe.

Mjukuu wako,
Renata


Halifax
18 Agosti

Babu shikamoo,

Sijapata jibu lako. Mama anasema u mzima, unakata majani ya uani na kuwagombeza kunguru, kwa hiyo najua ni mimi tu usiyeongea naye. Sitakulazimisha.

Doucette anauliza kama utakubali mwaka mmoja zaidi, mechi za mchana tu, umfuatilie Sawatzky. Anasema wewe ndiye uliyemwona, umalizie ulichoanza. Mimi sikumwomba.

Renata


Nipawin
2 Desemba

Mjukuu wangu mpenzi,

Natumaini u mzima, na kikohozi kiliisha zamani. Nisamehe kwa kunyamaza. Kila nilipoanza barua ilitoka na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumpelekea, nikaichana.

Siku ya pili baada ya uchaguzi, Odile Morin alikuja hapa na keki kubwa ya matunda ya porini yanayoitwa saskatoon, kama ule mji. Akanikumbatia mlangoni, analia.

“Mzee Vendel, wamemchukua wa thelathini na tatu. Walituambia labda hata asiitwe.”

“Hongera, Odile.”

“Wewe ndiye wa kwanza kumtazama. Tulikuwa tunakuona. Mbona Februari uliacha? Tanner alidhani amekukosea.”

Nikala keki. Nikala kipande cha pili, kwa sababu alikuwa ananitazama. Nilikuwa nimekesha usiku kucha nikijihesabia hasara, na katika nyumba ya akina Morin, ya pili kutoka kanisani, watu walikuwa wanaimba. Jambo hilo lilinichukua hadi vuli kulimeza. Morin hakupotea. Bado anacheza hapa, kama wote waliochaguliwa hadi wakomae, tena anacheza vizuri, na juzi nilikwenda nikakaa wazi nikamtazama hadi mwisho. Gord akaniambia, “Mtoto wako namlea vizuri.” Nikamwambia amlee, na amwongezee nyama.

Doucette nimemjibu ndiyo. Sawatzky nimemtazama kila Jumapili. Bado anaanza kama anatafuta funguo, lakini sasa anazipata kwenye hatua ya pili. Wiki iliyopita alimpita beki wa timu pinzani kwa nje, akafunga, akageuka kumtafuta nyanya yake kwenye viti. Nilisimama. Goti likanikumbusha lipo, na sikukaa. Huyu nisingemwona kabisa kama usingenikataza kumwona mwingine. Hiyo ni hesabu yako, nami nimeikubali, ingawa kwa kuchelewa.

Naona kwenye gazeti mnafungwa kila Jumamosi, kwa hiyo Juni zamu yenu itakuwa ya juu. Mtu atakuja na zamu mbili mkononi kuwaomba hiyo moja. Mpeni, mshuke. Kuna kijana mmoja nimemwona, mbali na hapa, na hakuna anayemjua. Jina lake siliandiki kwenye karatasi. Njoo Krismasi, nitapika supu, nikunong’oneze mezani.

Babu yako,
Vendel