Jina Nililolinyamazia Kitandani kwa Baba

Kwako mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta kwenye kiti chako cha dirishani, mgongo umepunguza kuuma na usingizi umerudi. Mimi sijambo na kazi inaendelea. Mjukuu wako naye hajambo, ila meno yake mawili ya mbele yameng'oka na sasa hawezi kusema jambo bila kupuliza. Goti linasemaje? Nimesikia mafuta niliyokutumia umeyafungia kabatini. Yapake mama, hata kama umemnunia aliyeyanunua.

Najua siku hizi herufi zinakukimbia, kwa hiyo atakayekusomea ni dada. Dada, salamu zako ziko chini kabisa, usiruke mistari kuzitafuta. Nakuomba usome polepole, na ukifika mahali pagumu usitie chumvi wala usipunguze. Mama ayasikie kama nilivyoyaandika.

Mama, ningekwambia haya kwa mdomo, lakini tangu tulipomzika baba simu zangu hupokei, na nilipokuja mwenyewe uliingia chumbani ukasema umelala. Nilikaa sebuleni na dada mpaka chai ikapoa. Sikukasirika. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, hilo sikufichi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jicho lako. Dada ameniambia kwamba unamimina chai nje ya kikombe, na kwamba juzi uliliamkia koti lililotundikwa nyuma ya mlango, ukalisema kwa kutokuitikia. Tulicheka kwenye simu. Daktari wa macho alimweleza dada kuwa mtoto wa jicho la kushoto amekomaa, na kwamba tukiendelea kungoja jicho linaweza kuzima moja kwa moja, na la kulia limeshaanza. Nafasi yako imepatikana Jumatano ijayo. Wewe ukamjibu dada kwamba macho yako huwezi kuyapeleka kwenye hospitali ambamo Mungu ni marufuku kutajwa, na ambako mwanao wa kumzaa alifumba mdomo wakati baba yake anaondoka. Heri upofu, ulisema. Mama, neno hilo limenichoma.

Basi niruhusu nikueleze kuhusu hiyo marufuku, maana naona ilikufikia nusu nusu.

Pale wodini kwetu tunafungua vidonda na kuvifunga upya. Mgonjwa analala chali, kidonda chake hakioni. Anachokiona ni uso wako, na anachokisikia ni mdomo wako. Akikuona umekunja uso anahesabu kwamba ameoza. Zamani, kabla mimi sijaajiriwa, muuguzi mmoja alikuwa anafungua bendeji ya mzee fulani, kidonda kizuri kabisa, kinapona. Katikati ya kazi akakumbuka kwamba amewaacha watoto na pasi haijachomolewa ukutani. Akapiga kelele, Mungu wangu! Yule mzee hakuuliza pasi wala nini. Alijiinua kitandani kwa hofu, akataka kukimbia, nyuzi zikaachia. Alirudishwa chumba cha upasuaji siku hiyohiyo. Alipona, lakini nusura afe.

Kuanzia hapo Matroni, ndiye mkuu wetu, akakataza. Alisema jina la Mungu litajwe kwenye sala, ambayo mgonjwa ameiomba mwenyewe na anajua ni sala. Lisitoke kama mshtuko juu ya kidonda cha mtu. Na Matroni mama ni mtu wa ibada, asikudanganye mtu. Huwa anajifungia kwenye stoo ya mashuka kusali kabla ya zamu na anatoka macho yamelowa.

Sasa binadamu hawezi kukaa bila kushtuka, kwa hiyo kila mmoja wetu akajitafutia neno lake. Kaka anayesukuma machela anasema Kona! kama mtangazaji wa mpira. Mwenzangu wa meza ya pili anasema Kabichi. Daktari wetu mmoja alikuwa anasema Safi kabisa, mpaka wagonjwa wakagundua kwamba akiisema mara mbili mfululizo mambo si safi hata kidogo, ikabidi abadilishe. Mimi nilichukua Salale, neno la bibi, alilokuwa analisema maziwa yakimwagika jikoni. Nilifikiri haliwezi kumwogopesha mtu. Nilianza nalo kazini, likanifuata sokoni, likaingia nyumbani, na wewe ukaanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

Nakumbuka msimamo wako. Hata jirani yetu fundi cherehani alipokuwa akiapa haki ya nani, ulikuwa unamuuliza, nani huyo, kama humjui mbona unamwapia? Yeye alicheka, lakini siku moja aliniambia sababu yake. Baba yake alikuwa anaapa kwa Mungu kila akiuza kitambaa kibovu, na yeye tangu utotoni alijiapiza kwamba jina hilo halitashika bei ya kitambaa mdomoni mwake. Wewe ulimwona anamkwepa Mungu. Mimi nadhani alikuwa anamtunzia heshima yake. Wengine, ni kweli, wanaogopa tu kuchekwa, au wanafuata mkumbo. Lakini usituweke wote kapu moja, mama.

Nilipoisimulia habari ya pasi mezani kwetu, utakumbuka kwamba baba alicheka mpaka akashika mbavu, na wewe ukainuka na vyombo ukasema hamna adabu, mnacheza na jina la Mungu. Ulipokwenda jikoni baba akaninong'oneza kwamba siku akilazwa yeye, atakuwa ananiangalia mdomo. Tulicheka tena. Wala hakuwa anaumwa wakati huo.

Halafu ule uvimbe wa tumbo ukaonekana, akafanyiwa upasuaji, akaletwa wodini kwetu. Matroni alitaka kumpa muuguzi mwingine, baba akakataa, akasema hakuna wa kumshinda Chiriku wake, yaani mimi, kwa maneno wala kwa bendeji. Kila asubuhi nikimfungua kidonda alikuwa anatazama dari na kuniuliza kama nimeshalisema lile jina. Namwambia bado, baba. Naye anasema basi lete chai, mtu ambaye bado ana siku za kuishi hawezi kukaa na njaa. Ulikuwa mchezo wetu. Hatukuucheza mbele yako kwa sababu tulijua usingetuchekea.

Mama, nakuomba uuelewe mchezo ule, kwa sababu ndio uliokuja kunifunga mdomo. Kwa watu wote pale, jina lile lilikuwa faraja. Kwa baba, likitoka kwangu mimi, lilikuwa hukumu. Maana yake ingekuwa kwamba binti yake muuguzi amekitazama kidonda na amekata tamaa.

Sasa nije kwenye siku ile. Wewe ulikuwa upande wake wa kulia, na lile shati jeupe ulilokuwa unakuja nalo kila siku, la kumvalisha akiruhusiwa, umeliweka magotini. Ukaniambia nimshike baba mkono nimtaje Mungu. Baba akageuza macho akanitazama mdomoni. Mama, alinitazama mdomoni. Wewe ulikuwa unanitazama mimi, hukumwona. Nikasema Salale, mto umeteleza, nikauinua mto wake ambao haukuwa umeteleza popote. Ukarudia mara ya pili kwa ukali, na mimi nikaanza kupanga blanketi. Ndipo ukainuka ukasema hujui ulizaa nini, ukaenda kwa akina mama wa maombi waliokuwa wamefika kwenye korido. Niliisikia sauti yako ukiwaongoza.

Baada ya mazishi ulisema mbele ya baba wadogo na mashangazi kwamba mtoto huyu alimnyima baba yake neno la mwisho. Nilisimama pale na sinia la vikombe. Shangazi mkubwa alinipokonya sinia akaniambia nikanawe uso. Wengi walidhani kimya changu ni jeuri, na dada naye alidhani hivyo, ingawa hakusema. Kumbe nilikuwa nimefungwa na ahadi. Leo naivunja, na marehemu anisamehe, kwa sababu nadhani yeye mwenyewe asingekubali upofuke kwa ajili yake.

Ulipotoka kwenda korido, baba aliniita. Akaniambia, Chiriku, sasa sema. Nikajifanya sijui anataka niseme nini. Akasema ninajua, na kwamba nisimchoshe. Kumbe alikuwa amejua tangu mara ya pili nilipombadilisha bendeji. Alisema mdomo wangu niliuweza vizuri, lakini mikono yangu iliacha haraka yake ya kawaida, ikawa inamshika kama mtu anayefunga zawadi. Hapo akajua kwamba pale paliposhonwa hapatashika. Siku zote zile alizokuwa ananiuliza kama nimeshalisema, akiniambia nilete chai, alikuwa ananichezea mchezo ili mimi nisivunjike. Na mimi nilikuwa nadhani ninamficha.

Nikamwambia siwezi. Akaniambia nisiliseme kama muuguzi aliyeshtuka, niliseme kama mtoto. Basi nilipiga magoti kando ya kitanda, sare yangu na yote, nikasema, Ee Mungu wangu, huyu ni baba yangu. Sikupata maneno mengine. Baba akasema amina. Akaniomba nirudie bila kulia, nikarudia, sikufaulu, akasema inatosha, yeye amenielewa, na Mungu aliyeambiwa amenielewa pia.

Kisha akaniomba kitu kimoja. Alisema wewe, mama, usijue kwamba alikuwa anajua. Alisema kila asubuhi ulikuwa unalikunjua lile shati na kukagua vifungo, na ukilikunja tena unamwambia labda kesho. Alisema kukuona ukilikunjua ndiyo saa aliyokuwa anaisubiri kutwa nzima. Usimnyang'anye mama yako lile shati, ndivyo alivyosema. Nikamwahidi. Uliporudi kutoka korido ukamshika mkono ukamwambia utapona, naye akaitikia kwa kichwa. Aliitikia kwa ajili yako. Alikwenda mkono wake ukiwa ndani ya wako, akisikiliza sauti yako, na hakukosa lolote. Mimi nilikuwa miguuni nimeshika chuma cha kitanda.

Hayo ndiyo niliyokuficha. Sasa unajua kwamba baba hakuondoka amenyimwa. Vilevile unajua kwamba alijua, na hilo najua litakuuma upya, ndiyo maana nilikubali kununiwa kuliko kulisema. Kama utanikasirikia kwa sababu nyingine mpya, ni haki yako. Ila ukasirike ukiwa unaona.

Jumatano dada atakuleta na teksi ya yule kaka wa jirani, nimeshaongea naye, atakuwa mlangoni mapema. Usile kitu asubuhi, na hereni uziache nyumbani. Jicho litatiwa dawa ya ganzi, utakuwa macho na hutasikia maumivu, na mikono itakayokugusa si yangu. Nimemwomba Matroni ruhusa. Siku hiyo sitavaa sare, sitashika bendeji ya mtu. Nitakaa na dada kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, ambako sheria yetu haifiki na kila mtu anamwita Mungu kwa kadiri ya mzigo wake. Watakapokuingiza utanisikia nikimtaja, kwa sauti, mara nyingi kadiri nitakavyoweza. Usishtuke mama, wala usifikiri kuna mtu aliyeona kitu kibaya. Atakuwa ni mwanao tu, anakuombea macho.

Dada, asante kwa kusoma, na pole kama umelia. Msalimie shemeji na watoto wote, mwambie fundi cherehani nimeipokea sketi na imenikaa vizuri. Mama, mjukuu wako anakusalimia kwa kupuliza. Anauliza bibi atakuja lini kuona pengo lake, na mimi nimemjibu kwamba Jumatano bibi anashughulikia jambo hilohilo.

Nakubusu mikono yote miwili.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Chiriku